Lebo ya Picha ya Kumi na Saba

Bi Soli aliwajua watu kuanzia chini. Ukimtajia mtu kwa jina angekutazama kama umekosea mlango, lakini ukimwambia, "Yule anayekanyagia nje, mguu wa kulia," hapo angekueleza mtu huyo anakaa wapi, ameoa au hajaoa, na lini atarudi kubadilisha kisigino. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameketi kwenye kigoda kile kile, ndani ya kibanda cha bati kilichotazamana na ghala la saruji, akishona viatu vya wapakiaji. Ufundi huo aliachiwa na marehemu mumewe. Aliachiwa pia msharasi wa kutobolea ngozi, mguu wa chuma wa kupigilia visigino, na mdogo wa marehemu huyo, kinyozi wa kibanda cha pili, ambaye mdomo wake haukuwa na mlango.

"Shemeji," kinyozi humwambia kila asubuhi, "wewe umeshika unyayo, mimi nimeshika kichwa. Hapo katikati tumemwachia nani?"

"Tumemwachia fundi cherehani," Bi Soli humjibu bila kuinua macho. "Wewe nyoa."

Jumanne ile hakukuwa na utani. Mwenye ghala alikuwa ameleta mashine za kubebea mifuko, akawaachisha kazi wapakiaji mia na ishirini kwa tangazo la karatasi moja, na kwa kuwa alijua hawataondoka kama kondoo, akakodi walinzi wenye marungu. Saa nne kasorobo asubuhi wapakiaji walianza kusukuma geti. Saa nne kamili geti lilifunguliwa kutoka ndani, na walinzi wakatoka mbio.

Bi Soli alishusha mlango wa kibanda. Ulikuwa mlango wa bati wa kukunja, na kwa miaka mingi reli yake ilikuwa imepinda. Ukifika usawa wa goti haushuki tena. Basi akaketi sakafuni, mgongo ukutani, na vita vyote akaviona kwa kimo cha goti. Aliona kandambili mbili zikikimbia, kisha moja. Aliona nyayo tupu zikiteleza pale mifuko ilipopasuka, saruji ikanywa damu na kuwa tope la rangi ya ini. Alisikia rungu likitua kwenye mfupa, sauti kama ya ukuni mkavu unaopasuliwa kwa goti, na baada ya kila sauti mtu akimwita mama yake.

Mmoja alianguka hatua tatu kutoka mlangoni, mwili barabarani, miguu ndani ya mtaro. Kisogo chake kilielekea kibandani. Zikaja buti nyeusi zenye kamba nyekundu. Bi Soli alizijua. Mwezi uliopita yeye mwenyewe alizipigilia kipande cha chuma kwenye ncha. Zilikuwa za Mlinzi wa Geti, aliyelinda ghala lile tangu kabla ya wale wa kukodi. Ziliinuka na kushuka juu ya kile kichwa, na Bi Soli, ambaye tangu utotoni hesabu humjia bila kuitwa, alihesabu mara tisa. Baada ya mara ya sita yule mtu hakutikisika tena. Tatu za mwisho zilipigwa kwa starehe ya mpigaji.

Kufikia saa nane mchana hospitali ilikuwa na watu arobaini na mmoja wasio na majina. Kumi na tisa walikuwa chumba cha maiti. Ishirini na wawili walikuwa wodini wakipumua, lakini hawawezi kusema neno. Marungu hayakuacha nyuso. Akina mama walipita vitandani wakawaruka wana wao wa kuzaa. Kwenye chumba cha maiti wanawake wawili walishikana nywele juu ya maiti moja, kila mmoja akisema ni mumewe, wakati kwenye kitanda cha tatu cha wodi ya jirani alilala mtu mwenye mpira puani ambaye hakutakiwa na yeyote.

Karani wa masjala ya hospitali, msichana mkavu asiyecheka ovyo, alichoshwa na makelele yale. Alimpiga kila mtu picha tatu, uso, kisogo na miguu, akampa namba, akaziweka zote kwenye ukurasa wa mtandao. Chini ya kila namba aliacha nafasi ambayo yeyote mwenye simu angeweza kubandika maneno machache. Maneno hayo aliyaita lebo. Ukiigusa lebo, ukurasa unakuletea picha zote zilizobandikwa lebo hiyo hiyo. Na lebo inayobandikwa na watu wengi hukua. Herufi zake hunenepa kila anapoongezeka mtu, hadi zile ndogo zinasukumwa pembeni.

Siku ya kwanza watu walibandika mioyo yao. Walibandika "pole" na "laleni salama." Walinzi nao hawakubaki nyuma, wakabandika "mwizi" kwenye picha kumi na nne. Ukiigusa "pole" zinakuja picha zote arobaini na moja, kwa hiyo pole ile haikumfikisha mtu kokote.

Bi Soli aliufungua ukurasa Jumatano asubuhi, kidole gumba kikiwa bado na gundi. Nyuso aliziruka. Alikwenda moja kwa moja miguuni, na kila alichokiona akakibandika: "kisigino kimeliwa ndani," "uzi mweupe wa nailoni," "kidole gumba kimetoboa." Kinyozi alipochungulia begani kwake na kuona anachofanya, naye akatoa simu yake akaanza na visogo: "mvi upande wa kushoto," "kovu la wembe shingoni." Saa sita fundi cherehani aliitwa. Yeye alibandika mishono: "pindo la mkono," "kiraka cha jinzi kwenye goti," "kifungo kimoja si mwenzake."

Palikuwa na ugomvi mdogo wa maneno. Bi Soli aliandika "kandambili," mwingine akaandika "ndala," mwingine "malapa," na aliyetafuta kwa neno lake hakuona picha za mwenzake. Kinyozi alitaka lichaguliwe neno moja na mengine yapigwe marufuku.

"Nani atamfundisha mama anayelia?" Bi Soli alimuuliza. "Bandika yote matatu. Kila mtu apite mlango wake, ndani tutakutana."

Ndivyo ilivyokuwa. Alasiri ile mama mmoja aligusa "kidole gumba kimetoboa," zikaja picha nne. Akagusa "pindo la mkono," maana pindo alilishona mwenyewe, ikabaki moja. Alikuwa mwanawe, wodi namba tatu, mbavu nne zimevunjika, anapumua. Kufikia jioni watu kumi na sita walikuwa wamewapata watu wao. Wengine walipata wa kuuguza, wengine wa kuzika, na hata hao wa kuzika walipita kibandani kushukuru. Mtu asiye na kaburi la kulilia huwa kama aliyezibwa pumzi.

Bi Soli alikuwa na sharti moja, akawapa na wenzake: unachokiona andika, unachokijua nyamaza. Viatu hufanana, alisema, na macho ya mtu mwenye huzuni ni mashahidi wa uongo. Alilishika sharti hilo kwenye picha arobaini. Aliliacha kwenye moja.

Picha ya kumi na saba ilikuwa ya maiti. Uso haukuwa uso. Miguuni palikuwa na buti za kahawia, na ile ya kulia ilikuwa na soli ya tairi iliyoshonwa kwa uzi wa buluu, kwa sababu siku aliyoishona uzi mweusi ulikwisha na yeye akaona uvivu kwenda dukani. Hapakuwa na fundi mwingine duniani ambaye angeweka buluu hapo. Zilikuwa buti za Tingatinga, mpakiaji aliyebeba mifuko miwili kwa mpigo, ambaye akija kibandani kigoda cha wateja hulia na yeye hucheka. Bi Soli aliiweka simu mapajani. Alipoichukua tena hakuandika "uzi wa buluu." Aliandika "Tingatinga."

Wapakiaji walimwamini kuliko macho yao. Saa moja baadaye watu ishirini na sita walikuwa wamebandika jina hilo hilo, na herufi zake zilijaa upana wote wa ukurasa. Mtu mwingine akabandika "kauawa na Mlinzi wa Geti." Bi Soli aliiona. Alikumbuka zile mara tisa, na kidole chake kikaibandika tena kuiunga mkono, nayo ikanenepa kidogo.

Alhamisi walikuja kumchukua. Tingatinga alikuwa na mke na kaka wawili. Wa kwanza aliitwa Mkubwa, mpasua mbao, mtu wa maneno ya kuhesabika. Wa pili watu walimwita Pilipili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini. Mke alitaka kuuona uso. Mhudumu wa chumba cha maiti alikataa kufunua, akamwonyesha buti. Mama wa watu akaanguka papo hapo. Ijumaa wakazika. Pilipili alilia kwa sauti, Mkubwa alipiga koleo mpaka shimo likajaa, akajifuta jasho, akasema, "Hili la kwanza limekwisha." Waliosikia walielewa kuwa kuna la pili.

Jumamosi saa tatu asubuhi kinyozi aliingia kibandani kwa Bi Soli bila utani wowote, na hilo peke yake lilitosha kumtisha.

"Shemeji, weka chini hicho kiatu. Hii kumi na saba uliitazama mpaka juu?"

"Nilitazama kazi ya mkono wangu. Ilitosha."

"Hebu ona." Aliikuza picha kwa vidole viwili. "Nywele za kisogoni zina mizunguko miwili, ona, huu na huu. Tingatinga nimemnyoa miaka tisa. Ana mzunguko mmoja, tena uko kulia. Kichwa hiki sijawahi kukishika."

"Kimepondwa. Kilichopondwa kina mzunguko gani?"

"Kimepondwa mbele. Nyuma kizima. Shemeji, mimi kinyozi nisipojua kichwa nijue nini, magoti?"

Bi Soli aligeuka akaitazama rafu ya viatu. Maana alikuwa amekumbuka.

Mafundi viatu wa mtaa ule walikuwa na desturi yao. Mteja akiacha kiatu, fundi humwazima kingine cha kwendea kazini, kwa sababu saruji haibebwi miguu mitupu. Kiatu cha kuazima hutoka kwenye rundo la viatu vilivyosahauliwa zaidi ya miezi mitatu. Cha mteja anayekuja kukifuata hakiguswi. Jumatatu alasiri Tingatinga aliacha buti zake zishonwe ulimi uliong'oka, akaondoka na raba za kijivu kutoka kwenye rundo, akisema atarudi Jumatano. Ulimi ulishonwa kwa saa moja. Kabla jua halijapoa akaja mtu mrefu, mgeni, kiatu chake kimepasuka katikati kama mkate. Alisema kesho anaanza kibarua ghalani, siku yake ya kwanza kabisa, wametaka watu wa kuendesha mashine. Bi Soli alipekua rundo. Namba kubwa zilikuwa zimekwisha. Alimtazama yule mtu vidole vilivyotoka nje, akamhurumia, akanyoosha mkono juu ya rafu akampa buti za Tingatinga.

"Nirudishie kesho saa sita," alimwambia. "Si zangu."

Kesho saa nne geti lilifunguliwa.

"Niliuona uzi," Bi Soli alisema polepole. "Niliuona uzi wangu, nikasahau buti nilimpa nani."

"Basi Tingatinga alivaa nini?"

"Raba za rundoni, za kijivu." Kinyozi aliichukua simu mwenyewe. Aligusa "raba za kijivu," lebo ambayo Bi Soli aliibandika Jumatano bila kuzitambua, kwa kuwa raba za rundoni ni za kila mtu. Zikaja picha tatu. Akagusa "mzunguko mmoja kulia," aliyoibandika yeye. Ikabaki moja, namba thelathini na tatu. Uso umevimba kama boga, mpira mdomoni. Wodi namba sita. Kando yake karani alikuwa ameandika: hajazinduka, anapumua.

"Yu hai," alisema kinyozi. Kisha akamrudishia Bi Soli simu. "Shemeji. Mkubwa kapita kwangu saa moja asubuhi. Kanyoa kipara. Nikamtania, nikamuuliza ni harusi ya nani, akasema leo anakwenda kwa Mlinzi wa Geti na panga."

"Ukamwacha aende?"

"Nikadhani ni machungu. Wiki hii kila ninayemnyoa anakwenda kuua mtu."

Walitoka wakikimbia, kibanda wakakiacha wazi. Bi Soli alikuwa na miaka hamsini na miwili na goti bovu. Alikimbia akichechemea, simu sikioni, akimwomba karani amtume nesi kitanda cha namba thelathini na tatu na asikate simu. Mlinzi wa Geti alipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba sita, nyuma ya tangi la maji. Kabla hawajafika walisikia mlango ukivunjwa.

Uani palikuwa na jiwe la kufulia, pana, lililolainishwa na sabuni. Pilipili alikuwa amemburuta mlinzi kwa ukosi wa fulana na kumlaza kando yake, goti likiwa shingoni mwake. Mke wa mlinzi alikuwa ameng'ang'ania mgongoni kwa Pilipili, akimpiga kichwani kwa sufuria, na damu ilimtiririka Pilipili hadi kidevuni bila yeye kujali. Wapangaji walisimama milangoni. Hakuna aliyesogea. Mkubwa alikuwa ameunyoosha mkono wa kulia wa mlinzi juu ya jiwe, akaukanyaga kwenye kiwiko kama anavyokanyaga ubao.

"Ulimpiga kwa huu," alisema, si kwa hasira, kama mtu anayepima. "Tuanze na huu."

Panga likashuka. Vidole vitatu viliruka kwenye maji ya sabuni. Mlinzi alitoa sauti ambayo Bi Soli alikuwa ameisikia Jumanne, ile ile ya kumwita mama. Panga likainuka tena, safari hii juu ya kifundo cha mkono.

Bi Soli hakujua alifikaje. Alijikuta amepiga magoti, kifua chake kimelala juu ya ule mkono, damu ya mtu mwingine ikimwingia machoni.

"Ndugu yenu yu hai," alisema.

Pilipili alimpiga teke la ubavu. "Toka hapo, mama, usije ukachanganyika."

"Yu hai. Nimekosea mimi."

"Nimemzika jana kwa mikono hii," alisema Mkubwa.

"Umezika buti. Tingatinga yuko wodi namba sita. Sikiliza." Aliinua simu, akaiongeza sauti. "Nesi, mwangalie mguu wa kushoto. Kidole cha mwisho."

Mlinzi alikuwa akigugumia. Kutoka kwenye simu ilisikika shuka ikivutwa.

"Hakipo," ilisema sauti ya nesi. "Kidonda cha zamani, kimeshapona. Na kisigino kina ufa mrefu. Mbona mnapiga kelele huko?"

Kidole kile kililiwa na mfuko wa saruji miaka saba iliyopita, na aliyekibeba kwenye kitambaa kukipeleka hospitali alikuwa Mkubwa mwenyewe. Alisimama na panga hewani.

"Buti zilikwendaje kwa mtu mwingine?" aliuliza.

"Niliziazimisha. Hazikuwa zangu kuziazimisha. Kisha nikaandika jina kabla sijakumbuka."

Mkubwa alimpiga kwa ubapa wa panga, mara moja, begani. Mfupa wa mtulinga ulilia kama kijiti. Baada ya hapo aliliachia panga, akaketi chini kwenye yale maji mekundu, akajishika kipara kwa mikono miwili. Pilipili alitazama vidole vitatu kwenye povu, akamtazama kaka yake, akaruka ukuta. Askari walipokuja walimkuta Mkubwa palepale. Bi Soli naye aliandikisha maelezo, mkono ukiwa shingoni kwa kitambaa. Alieleza ya Jumamosi, na ya Jumanne pia: buti, kamba nyekundu, mara tisa, uso wa mwenye buti hakuuona. Askari alitaka aseme aliuona. Hakusema.

Mlinzi alilazwa, kwa kukosa nafasi, wodi ile ile namba sita, vitanda vitatu kutoka kwa Tingatinga. Na hapo ndipo mambo yalipokuwa mabaya zaidi. Bi Soli alikuwa ameondoa lebo zake zote mbili kwenye picha ya kumi na saba, lakini mtu huondoa ya kwake tu. Nyingine zilibaki, "Tingatinga" na "kauawa na Mlinzi wa Geti," nene kama vibao vya barabarani. Karani alizifuta, ndani ya dakika kumi zilirudishwa, na mtu akaongeza "hospitali inaficha." Jumapili wapakiaji thelathini walikusanyika kwenye geti la hospitali na nondo. Walisikia kwamba muuaji yuko ndani, wodi inajulikana. Bi Soli aliwaendea mmoja mmoja.

"Futeni. Tingatinga hajafa."

"Mwenye ghala kakupa nini, Bi Soli?" alimuuliza mmoja, kijana ambaye Bi Soli alimshonea viatu tangu akiwa shule. "Wewe ndiye uliyeandika kwanza."

"Ndiyo maana nakwambia."

"Basi siku ile ulisema kweli, leo umenunuliwa. Au siku ile ulidanganya, na leo tukuamini kwa lipi?"

Usiku ule askari wawili tu ndio waliolala mlangoni mwa wodi, na Jumatatu asubuhi kioo kimoja kilikuwa kimeshavunjwa. Wapakiaji walikuwa wameongezeka, wakafika hamsini. Geti la hospitali lilikuwa la waya, na walishaanza kulitikisa.

Saa nne na robo Tingatinga, aliyetolewa mpira mdomoni alfajiri, alifumbua jicho moja. La pili lilikuwa limezibwa na uvimbe. Alimwona mkewe, aliyekuwa amevaa nguo za msiba na hakupata muda wa kwenda kuzibadili.

"Nani kafa?" alinong'ona.

"Wewe," kinyozi alimjibu kutoka miguuni pa kitanda. "Pole kwa msiba, marehemu. Kaburi lako zuri, nililiona."

Mke alicheka na kulia kwa pamoja. Bi Soli hakucheka. Alisogea karibu, akamweleza yote kwa mpangilio: buti, mgeni, lebo, Mkubwa, vidole, Pilipili aliyetoroka. Alimweleza na yale ya nje, na kelele za geti zilikuwa zikimsaidia kueleza. Tingatinga alisikiliza, jicho moja darini. Bi Soli alipomaliza, Tingatinga aligeuza shingo taratibu hadi akakiona kitanda cha nne, na mkono uliofungwa bendeji ukubwa wa mkate.

"Kaka yangu yuko ndani kwa ajili yako," alimwambia Bi Soli.

"Ndiyo."

"Sikusamehi leo."

"Sikuja kuomba hilo."

"Umekuja kuomba nini?"

"Hawaniamini mimi. Hawamwamini karani. Wakiingia watamuua, na watamuua kwa jina lako."

Nje kitu kizito kilipiga waya. Tingatinga alifungua kiganja juu ya shuka. "Nipe simu."

Vidole vyake vilikuwa vimevimba, kila herufi ilimchukua pumzi. Chini ya picha ya kumi na saba, chini ya jina lake mwenyewe lililonenepa kuliko yote, alibandika: "Si mimi. Tingatinga."

Haikumtikisa mtu. Yeyote angeweza kuandika vile. Baada ya dakika mbili ikatokea lebo nyingine, ndogo, kutoka kwa mtu wa getini: "Kama ni wewe, nani alitia saruji kwenye chai ya msimamizi?"

Kinyozi alimsomea. Kona ya mdomo wa Tingatinga ilisogea. Aliandika: "Mimi na wewe, na wewe ndiye uliyekoroga."

Getini palitulia ghafla, kisha mtu mmoja akacheka kicheko cha kukosa pumzi. Aliyeuliza akabandika, "Si Tingatinga." Wa pili akairudia. Bi Soli alisimama dirishani, simu kwa mkono mzima, akiwaona kwa mbali wameinamisha vichwa, vidole gumba vikienda. Alihesabu kadiri ilivyokua: tisa, kumi na nne, ishirini na saba. Ilipofika thelathini na moja iliipita ile ya zamani, iliyokuwa imefika thelathini, na kuisukuma pembeni. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zisizo na mwenza, akabandika aliyopaswa kuibandika tangu Jumatano: "uzi wa buluu." Akaongeza "mizunguko miwili kisogoni" na "mrefu, alianza kazi siku hiyo." Mwenye maiti, popote alipo, atapita mlango utakaomfaa.

Nondo zilianza kuanguka chini, moja moja, na watu wakaanza kuondoka. Si wote. Mmoja alibaki akautazama ukurasa, ambapo "kauawa na Mlinzi wa Geti" ilikuwa bado haijafutwa, akalitazama dirisha la wodi namba sita, akainama, akaokota jiwe, akalirusha. Lilivunja kioo na kutua kati ya kitanda cha Tingatinga na cha mlinzi. Hapo ndipo naye alipogeuka akaenda zake.